Daftari Moja kwa Biashara Nzima: Mifumo Jumuishi ya Usimamizi kwa Kampuni Ndogo na za Kati, Lilongwe na Dzaleka

Mfumo jumuishi wa usimamizi wa biashara ni programu ya kompyuta inayokusanya manunuzi, stoo, mauzo, madeni, fedha, mishahara na kodi katika hifadhidata moja. Kanuni yake ni fupi: tukio huandikwa mara moja, pale linapotokea, na kila anayelihitaji hulisoma hapo hapo. Katoni ishirini za sabuni zikitoka kwa mkopo, mwenye stoo huona zimebaki ngapi, karani wa madeni huona mteja amefikia deni gani, mhasibu huona kodi ya mauzo hayo, na mwenye mali huona faida. Hakuna aliyenakili kutoka kwa mwenzake.

Pasipo mfumo wa aina hiyo, katoni zile zile huandikwa mara tatu au nne: katika daftari la stoo, kitabu cha stakabadhi, daftari la madeni, na baadaye lahajedwali ya mhasibu. Kila kunakili ni nafasi ya kukosea. Mwisho wa mwezi madaftari hayalingani, na siku nzima huishia kutafuta lipi linasema kweli. Kampuni kubwa huuchukulia huo kuwa usumbufu. Kampuni ndogo inayozungusha mtaji wa mwezi mmoja hupoteza mtaji wenyewe bila kujua ulipopitia.

Asili ya mifumo hii

Mifumo hii ilizaliwa viwandani. Katika miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilianza kutumia kompyuta kukokotoa mahitaji ya malighafi: matrekta mia moja yanahitaji boliti ngapi, na ziagizwe lini. Mwaka 1972 wahandisi watano waliotoka IBM nchini Ujerumani walianzisha SAP, kampuni iliyotaka uhasibu na stoo visome taarifa zile zile papo kwa papo. Kifupisho ERP, ambacho kwacho programu hizi hujulikana duniani, kilienezwa na kampuni ya utafiti ya Gartner kuanzia mwaka 1990.

Kwa muda mrefu hayo yalikuwa mambo ya makampuni makubwa. Kampuni ndogo zilibaki na programu za uhasibu peke yake: Tally, iliyoanza India mwaka 1986 na kuenea Afrika Mashariki kwa mikono ya wafanyabiashara wenye asili ya India, QuickBooks ya Marekani, iliyotoka mwaka 1992, na Pastel ya Afrika Kusini, ambayo baadaye ilinunuliwa na Sage ya Uingereza na imeenea kusini mwa Afrika. Mlango wa mfumo kamili ulifunguliwa na programu huria, ambazo mtu yeyote huruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha. Dolibarr ilitoka Ufaransa mwaka 2002. Odoo ilianza Ubelgiji mwaka 2005 ikiitwa TinyERP, na ERPNext ikafuata kutoka India. Kwa hizo, kampuni ya watu kumi iliweza kutumia kitu ambacho zamani kilihitaji bajeti ya kiwanda.

Kampuni zinazohusika

Malawi hupima ukubwa wa biashara kwa idadi ya waajiriwa na kiasi cha mauzo. Kwa kipimo cha waajiriwa, mtu 1 hadi 4 ni biashara ndogo kabisa, 5 hadi 20 ni ndogo, na 21 hadi 99 ni ya kati. Maduka ya jumla, viwanda vya mikate, mawakala wa fedha za simu, wauzaji wa vifaa vya ujenzi na wasafirishaji wa Lilongwe huangukia zaidi katika makundi mawili ya mwanzo.

Sehemu ya biashara hizo huendeshwa kwa Kiswahili. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, umbali wa kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni moja ya lugha kuu za soko lake. Bidhaa za soko hilo hazitoki mahali pamoja. Nyingine hununuliwa katika maduka ya jumla ya mjini, nyingine hutoka Dar es Salaam kupitia mpaka wa Songwe. Mfanyabiashara mwenye stoo moja kambini, mteja wa jumla katika Area 18 ya Lilongwe kando ya barabara ya M1, na mzigo ulio njiani kutoka soko la Kariakoo, tayari ana mambo ambayo daftari moja la karatasi haliwezi kuyabeba kwa pamoja.

Sehemu za mfumo

Stoo ndiyo mwanzo wa yote. Kazi yake ngumu zaidi ni vipimo. Bidhaa huingia kwa katoni na kutoka kwa pakiti. Mafuta ya kupikia huingia kwa jerikani na kutoka kwa vifuko vidogo. Sukari huingia kwa gunia na kutoka kwa kilo au nusu kilo. Mfumo mzuri huhifadhi bidhaa moja kwa vipimo viwili na kujua uhusiano wake. Bela la kaunjika, kama Wamalawi wanavyoiita mitumba, ni mtihani mgumu kuliko hiyo: hununuliwa kama kitu kimoja, lakini likifunguliwa hutoa nguo za daraja tofauti na bei tofauti. Hapo bela huandikwa kama malighafi, na kulifungua huandikwa kama uzalishaji, sawa na mwokaji anavyogeuza unga kuwa mikate. Asiyefanya hivyo hajui bela lipi lilimlipa na lipi lilimla.

Mauzo na madeni huenda pamoja, kwa kuwa sehemu kubwa ya biashara ya jumla ni ya mkopo. Daftari la madeni huonyesha nani anadaiwa kiasi gani. Mfumo huongeza umri wa deni: lililo ndani ya siku 30, lililopita 60, lililopita 90. Tofauti hiyo ina uzito Malawi, ambako mwenye duka aliyekwama huenda kukopa kwa mkopeshaji wa katapila, mkopo wa riba kubwa, ilhali fedha zake mwenyewe zimelala mikononi mwa wateja. Orodha ya madeni kwa umri humwambia aanze kubisha hodi wapi kabla ya kwenda kukopa.

Fedha zina mifuko mingi: droo ya duka, akaunti ya benki, Airtel Money na Mpamba ya TNM. Kila mfuko ni akaunti yake ndani ya mfumo, na kuhamisha fedha kati ya mifuko huandikwa kama uhamisho, wala si mauzo wala matumizi. Wakala wa fedha za simu ana kipimo rahisi cha kujikagua: taslimu iliyo mkononi ikijumlishwa na salio la kwenye simu lazima iwe sawa na mtaji wake pamoja na kamisheni, ukitoa alichochukua mwenyewe. Jumla ikipungua, kosa ni la siku hiyo hiyo na linaweza kufuatiliwa. Likigunduliwa baada ya mwezi, halina tena wa kuulizwa.

Mishahara ndiyo sehemu ambayo biashara ndogo huiahirisha zaidi, kwa kuwa vibarua wa ganyu hulipwa kwa siku na mkononi. Kampuni ikishakuwa na waajiriwa wa kudumu, mambo hubadilika: kuna kodi ya mshahara inayokatwa kila mwezi, na pensheni ya lazima ambayo mwajiri huchangia asilimia 10 na mwajiriwa asilimia 5. Hesabu hizo hurudiwa kila mwezi kwa kanuni ile ile, na kazi ya kurudiarudia ndiyo ambayo kompyuta huifanya vizuri kuliko karani.

Gharama halisi na kwacha inayoshuka

Swali ambalo mfumo wowote wa biashara lazima ulijibu ni moja: bidhaa hii imegharimu kiasi gani? Jibu linaonekana jepesi hadi mzigo unapofika mpakani.

Bei aliyolipwa muuzaji Kariakoo ni sehemu tu ya gharama. Juu yake kuna lori, ushuru wa forodha, ada za wakala wa mpakani na kushusha mzigo. Gharama hizo zote lazima zigawanywe juu ya kila katoni, na namna ya kugawa hubadilisha matokeo. Zikigawanywa kwa thamani, bidhaa ghali hubeba mzigo mkubwa. Zikigawanywa kwa nafasi ndani ya lori, nepi na magodoro, ambayo ni mepesi lakini yanajaza gari, hubeba sehemu yake ya haki. Mfanyabiashara anayegawa kwa thamani peke yake anaweza kuona magodoro yana faida nono, kumbe vifaa vya simu vilivyosafiri pembeni ndivyo vimeyalipia nauli. Kanuni inayofaa ni kugawa ushuru kwa thamani, kwa sababu ushuru hutozwa kwa thamani, na kugawa nauli kwa nafasi au uzito.

Mtihani wa pili ni sarafu. Mwezi Mei 2012 kwacha ilishushwa kutoka takriban 168 hadi 250 kwa dola moja. Novemba 2023 ilishushwa tena, kutoka takriban 1,180 hadi 1,700. Chukua katoni iliyonunuliwa kwa dola 10 kabla ya Novemba 2023. Ilisimama kwa K11,800. Mwenye duka aliongeza asilimia 20 na kuiuza K14,160. Programu ya uhasibu, ikitumia bei ya manunuzi, iliandika faida ya K2,360. Lakini katoni inayofuata, kwa dola zile zile 10, iligharimu K17,000. Aliyeuza katoni mia alipata K1,416,000, akarudi sokoni, na fedha hizo zikamnunulia katoni 83. Vitabu vilisema ana faida ya K236,000. Stoo ilisema amepungukiwa katoni 17. Na kama kodi ya mapato ilikokotolewa juu ya faida ya vitabu, pengo liliongezeka.

Vitabu havikudanganya. Vilijibu swali la sheria, linalohusu bei iliyolipwa kweli. Swali la mfanyabiashara lilikuwa jingine: bidhaa ya kesho itagharimu nini? Kwa hiyo, katika nchi ambayo sarafu hushuka kwa mkupuo na fedha za kigeni ni adimu, mfumo hauna budi kubeba bei mbili kwa kila bidhaa: bei ya manunuzi kwa ajili ya vitabu na kodi, na bei ya kununua tena kwa ajili ya kupanga bei ya rafuni. Mifumo mingi ya leo huruhusu orodha ya bei iliyofungwa kwenye sarafu nyingine. Kiwango cha dola kikibadilishwa mahali pamoja, bei zote za kwacha hufuata. Uwezo huo una thamani kubwa kwa duka la Lilongwe kuliko michoro ya rangi inayotangazwa kwanza na wauzaji wa programu.

Serikali ndani ya ankara

Katika Afrika Mashariki na Kati, msukumo mkubwa wa kuingia kwenye mifumo hii umetoka kwa mamlaka za mapato. Tanzania ilianza mashine za kielektroniki za kodi, EFD, mwaka 2010. Rwanda ilifuata mwaka 2013 kwa mfumo wake wa EBM. Uganda ilianzisha EFRIS mwaka 2021. Kenya ilikaza zaidi: tangu Januari 1, 2024 matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS hayakubaliki kupunguza faida inayotozwa kodi. Tangu hapo anayedai risiti si serikali peke yake. Mnunuzi mwenyewe huidai, maana bila ankara hiyo kodi yake hupanda.

Malawi imepita njia hiyo hiyo. Mamlaka ya Mapato ilianza kwa mashine za EFD kwa waliosajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani, ikaweka ritani na malipo kwenye Msonkho Online, uliochukua jina lake kwenye neno la Kichewa lenye maana ya kodi, kisha ikaelekea kwenye ankara za kielektroniki zinazotumwa moja kwa moja. Kwa kampuni inayochagua programu, hilo hubadilisha kigezo cha kwanza. Programu nzuri isiyoweza kuzungumza na mfumo wa mamlaka humlazimisha karani aandike ankara mara mbili, moja ya kampuni na moja ya serikali, na hapo kanuni ya kuandika mara moja imekwisha kuvunjika.

Umeme, mtandao na mahali pa kuhifadhi data

Programu za leo hutolewa kwa njia mbili: zinazokaa kwenye kompyuta ya kampuni, na zinazokaa kwenye seva za mbali na kufikiwa kwa intaneti. Kila njia ina adui yake. Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu kituo cha umeme cha Kapichira kwenye mto Shire, na nchi ikapoteza karibu megawati 130 kwa mkupuo. Kompyuta ya mezani isiyo na betri haikufaa kitu saa za giza. Kompyuta mpakato na simu janja zilizochajiwa kwa sola ziliendelea. Mtandao nao una siku zake, hata baada ya Starlink kuanza huduma nchini Julai 2023. Duka linahitaji mfumo wa mauzo unaoendelea kuuza mtandao ukikatika na kupeleka miamala ukirudi. Bila sifa hiyo, foleni ya wateja itamrudisha mwuzaji kwenye karatasi, na karatasi ikisharudi, haiondoki.

Kwa wafanyabiashara wakimbizi, swali la mahali pa data lina sura nyingine. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mnamo 1987, iliweka masharti yanayobana haki ya kazi na uhuru wa kukaa popote. Kwa miaka mingi masharti hayo hayakufuatwa kwa ukali, na wengi walifungua maduka Lilongwe na miji mingine. Machi 2023 serikali iliagiza warudi Dzaleka, na Mei mwaka huo mamlaka zikaanza kuwahamisha. Duka linaweza kufungwa kwa siku moja, lakini madeni ya wateja, madeni ya wauzaji na orodha ya mali havifungwi nalo. Daftari likibaki ndani ya duka, madai hayo hayana tena ushahidi. Nakala iliyohifadhiwa nje ya jengo, iwe kwenye seva ya mbali au kwenye diski inayokaa kwa ndugu wa mji mwingine, ndiyo inayowezesha kudai, kulipa na kuanza upya. Kwa hiyo nakala rudufu ya kila siku inafaa kuhesabiwa kuwa sehemu ya mtaji.

Nakala hizo hubeba majina, namba za simu na madeni ya watu. Sheria ya Malawi ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2024 inamtaka anayekusanya taarifa binafsi azilinde. Kwa duka dogo, utekelezaji wake huanza na mambo mepesi: kila mtumiaji awe na nywila yake, mwuzaji asione mishahara, na aliyeacha kazi afungiwe siku ile ile.

Gharama, watu na lugha ya hesabu

Programu huria haina ada ya leseni, lakini si ya bure. Kuna seva, mafunzo, kuhamisha kumbukumbu za zamani, na siku za mtaalamu wa kuitengeneza ifuate biashara. Programu za kulipia kwa mwezi huondoa sehemu ya kazi hiyo, ila hulipwa kwa dola kupitia kadi, na uhaba wa fedha za kigeni umefanya benki za Malawi ziwekee mipaka malipo ya namna hiyo. Mfumo unaoweza kuzimika kwa sababu kadi imekataliwa ni hatari ambayo huwekwa kwenye mizani pamoja na bei yake.

Wataalamu wa karibu wapo. TakenoLab, ambayo baadaye iliitwa ADAI Circle, imefundisha vijana wa Dzaleka kuandika programu, na miradi huria ndiyo uwanja ambamo ujuzi huo hupata kazi.

Kikwazo kisichotajwa mara nyingi ni lugha ya hesabu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na OHADA, jumuiya ya sheria za biashara ya nchi nyingi zitumiazo Kifaransa, mwaka 2012, na wahasibu wake hujifunza mpango wa akaunti wenye namba maalumu: kundi la 6 ni matumizi, kundi la 7 ni mapato. Malawi hufuata viwango vya kimataifa visivyolazimisha namba hizo, na maneno yake ni ya Kiingereza. Mhasibu aliyefundishwa Bukavu au Lubumbashi anajua kazi, lakini hukuta akaunti zimepangwa kwa mantiki nyingine. Mifumo inayoruhusu akaunti moja kuwa na jina kwa lugha mbili, ikiwemo Odoo, hupunguza tatizo hilo. Majina ya bidhaa nayo yaandikwe kama yanavyotamkwa dukani, la sivyo sukari moja itaingia mara tatu kwa majina matatu.

Utaratibu wa kuanza

Miradi ya mifumo hii hushindwa hata kwa wenye uwezo. Lidl, duka kubwa la Ujerumani, liliacha mradi wake wa SAP mwaka 2018 baada ya takriban euro milioni 500. Chanzo kimoja kilichotajwa ni kwamba kampuni ilithamini bidhaa zake kwa bei ya manunuzi ilhali mfumo ulithamini kwa bei ya rejareja, na badala ya kubadili mazoea, ikataka programu ibadilishwe. Swali lilikuwa lile lile la katoni ya dola 10: bidhaa ihesabiwe kwa bei ipi? Lisipojibiwa kabla ya kununua programu, litajibiwa baadaye kwa gharama kubwa.

Kwa kampuni ndogo, mpangilio ulio salama huanza na kuhesabu mali yote siku moja, duka likiwa limefungwa, na kuandika madeni yote ya pande mbili. Hesabu hiyo ndiyo salio la kuanzia. Ikiwa ya uongo, kila ripoti itakayofuata itarithi uongo huo. Kisha stoo na mauzo huingia kwanza, kwa mwezi mmoja au miwili, daftari la zamani likiendelea sambamba. Madeni na mifuko ya fedha hufuata, halafu ankara za kodi, na mwisho mishahara. Mwenye mali lazima awe wa kwanza kutii: achukuapo fedha kwenye droo bila kuandika, mfumo mzima hugeuka kuwa wa kumchunga mwuzaji peke yake, na mwuzaji naye hujifunza kuukwepa.

Si kila biashara inauhitaji. Duka la mtu mmoja, la mahali pamoja, linalouza taslimu, linatoshwa na daftari linalojazwa kila jioni. Dalili za kuvuka mpaka huo ni tatu: mali iko mahali zaidi ya pamoja, mikono inayogusa fedha ni zaidi ya mmoja, na mwenye mali hawezi kutaja jumla ya madeni yake bila kufungua vitabu viwili. Dalili moja ikitokea, lahajedwali iliyopangwa vizuri inaweza kutosha. Zikitokea zote tatu, gharama ya kukosa mfumo imekwisha kuzidi gharama ya kuwa nao, na tofauti yake inalipwa tayari, ingawa haijaandikwa popote.